Picha ya ngoma hupigwa umesimama wapi?

Kitabu cha Karl Weule nilikianza kwenye simu, ndani ya basi la Kilwa, tangu Mbagala mpaka chaji ilipokata tukiwa tumeshavuka Daraja la Mkapa. Nilikuwa nakwenda harusi ya binamu yangu Kivinje. Kwenye begi nilikuwa na kamera yangu ya mtumba, maana starehe yangu ni kupiga picha za ngoma. Starehe ya pili ni kusoma vitabu vya zamani vya wasafiri. Sikujua kwamba siku moja zitakuja kugombana.

Weule alikuwa Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1906 alishuka Lindi, akapanda bara hadi Masasi na Newala, akiwa na kamera, mashine ya sinema na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner akakitoa kwa Kiingereza. Kwa anayependa ngoma za kusini, humo mna utajiri: unyago wa wasichana, vinyago vya Wamakonde, wachezaji juu ya mironjo. Na jamaa anajua kusimulia. Nakiri nilicheka peke yangu kwenye siti mpaka jirani akanitazama.

Shida yangu ni picha. Ngoma nyingi za huku zinakolea usiku, na kamera ya 1906 ilitaka jua. Kwa hiyo tunachokiona ni ngoma ya mchana, imekatwa vipande, haina jasho wala sauti. Hilo namsamehe. Hata mimi leo, na lenzi yangu, kwenye mwanga wa taa moja ya uani napata ukungu mtupu nikipunguza kasi ya shata, na giza nikiiongeza.

Nisichoweza kukiruka ni mwaka wenyewe. Majimaji ilianza Julai 1905 kwenye milima ya Wamatumbi, nyuma ya Kilwa. Kinjikitile akanyongwa mwezi uliofuata. Weule anafika Lindi mwaka mmoja baadaye, vita kusini havijaisha, na anatembea na askari. Halafu anaomba kuona unyago. Mwanamume, mgeni, tena mwenye bunduki nyuma yake. Nani angemwambia hapana? Wachambuzi hupenda kusifu picha hizo kama ushahidi wa mila. Kwangu ni ushahidi wa watu ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa, na hatujui walicheza nini siku ambayo hakuwapo.

Nilifika Kivinje na mawazo hayo, nikajiona nina usafi fulani. Mimi ni mjukuu wa pale, mwanamke, nimealikwa. Usiku wa ngoma ya ndani, mwali anachezwa, nikatoa kamera. Shangazi hakupandisha hata sauti.

"Hiyo rudisha kwenye begi. Humu hatupigwi picha, tunacheza."

Nikairudisha. Niliona aibu kidogo, si kwa kukatazwa, bali kwa sababu nilikuwa nimeshatafuta kona ya kusimama, mgongo ukutani, nje ya duara. Kona ileile ya Weule. Ujukuu wangu haukunizuia kuitafuta.

Ndipo nikarudi kwenye kitabu nikitafuta kitu kingine, na kilikuwepo. Weule aliwapa watu wake kalamu na karatasi, akachapisha walichochora. Mmoja ni Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi, aliyechora msafara ukiwa njiani. Kuna pia mchoro wa profesa mwenyewe, "Bwana Pufesa". Kitaalamu ni michoro ya mtu aliyeshika kalamu juzi. Lakini ndiyo kurasa pekee ambazo aliyekuja kutazama anatazamwa, na kwangu ndiyo kurasa bora za kitabu kizima, kuliko picha zote za ngoma. Weule aliichukua kama sampuli. Sidhani alijua amechapisha nini.

Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii ya kusini, alipoandika Kinjeketile mwaka 1969 alitahadharisha mapema kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Wengi tulisoma tamthilia hiyo shuleni kwa ajili ya mtihani, tukaruka dibaji. Nikiisoma leo baada ya Weule naona ile tahadhari ni heshima: anatuambia amesimama wapi kabla hajatuonyesha mtu. Weule hana sentensi kama hiyo. Picha zangu nazo hazikuwa nayo.

Asubuhi ya harusi ngoma ilipigwa tena uani, hii ya wazi, watoto na wanaume wamo. Safari hii nilimpa kamera binti wa jirani, wa miaka tisa hivi, nikaingia duarani. Alipiga picha arubaini na kitu. Nyingi ni za mbuzi. Katika moja nimo mimi, mdomo wazi, kichwa kimekatwa nusu, khanga inanivuka, na pembeni mikono ya wanaonipigia makofi imeingia yote. Nilimwonyesha shangazi kwenye kioo kidogo cha kamera.

"Hii nipelekee Masoko ikasafishwe," akasema. "Kubwa."

Nikamwuliza kama haoni nimekatika kichwa.

"Wewe nakujua," akasema. "Nataka hao wengine."