Neno "Patashika" na Matumizi Yake

Huku Kinyangiri, mkoani Singida, tumewasikia vijana wakisimulia kwamba mechi ya jana ilikuwa "patashika nguo kuchanika", ilhali hakuna goli lililoingia wala wachezaji waliosukumana. Tulicheka, kisha tukajiuliza: je, maana ya neno hili tungali tunaijua?

Neno patashika limeundwa kwa vitenzi viwili, pata na shika. Kiini chake ni mikono: watu wamekaribiana mno hata silaha ya mbali haifai kitu, na ashikaye naye hushikwa. Ndiyo maana huongezewa nguo kuchanika, kwani nguo haichanwi na mtu aliye mbali.

Neno hili lina jamaa zake, nao wasichanganywe. Katika mshikemshike husikika sauti ya wengi wakihimizana kumkamata mmoja. Vuta nikuvute ni mashindano ya nguvu zinazokaribiana, yasiyokwisha upesi. Vita ni neno pana zaidi. Vyaweza kupiganwa kwa mizinga, adui asimwone adui.

Tuchukue mfano wa Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Wahehe wa Mtwa Mkwawa walijificha kando ya njia mpaka kikosi cha Wajerumani, kikiongozwa na Emil von Zelewski, kilipowakaribia kabisa. Ndipo wakakirukia kwa mikuki. Bunduki na mizinga havikupata nafasi ya kutosha ya kufanya kazi, na Zelewski mwenyewe akauawa. Mwalimu akisema kwamba "palikuwa na vita", amesema kweli, lakini siri ya ushindi ameiacha nje. Akisema "ilikuwa patashika", amekwisha kueleza jinsi mkuki ulivyoishinda bunduki.

Hatupingi sitiari, kwa maana lugha hukua kwayo. Watu wanaogombea mlango wa basi wamo katika patashika, kwani mikono imo. Lakini kuambiwa kwamba kuna "patashika ya bei ya alizeti" ni kulichakaza neno. Neno lililochakazwa hivyo halitatufaa siku ya kusimulia ushujaa wa wazee wetu.

Kwa hiyo, mwanafunzi aandikapo patashika katika insha yake, mwalimu na amwulize: mikono iko wapi? Akikosa jibu, na atafute neno lingine. Kiswahili hakina uhaba wa maneno. Kilichopungua ni uangalifu wetu.