Ukweli wa Maleba na Ukweli wa Mahusiano: Historia katika Filamu za Wahamiaji wa Kiayalandi Nchini Marekani

Utangulizi

Filamu inayodai kusimulia yaliyopita hupokewa kwa namna mbili. Mtazamaji wa kawaida huiamini, ilhali mwanahistoria huihesabia makosa. Wa kwanza hutoka ukumbini akidhani ameyaona mambo yalivyokuwa. Wa pili hutoka na orodha ya tarehe zilizopotoshwa na watu waliofufuliwa baada ya kuzikwa. Makala haya yanashikilia kwamba mikabala yote miwili ina upungufu, na kwamba filamu zinazowahusu wahamiaji wa Kiayalandi nchini Marekani zinaudhihirisha upungufu huo waziwazi. Hoja kuu ni kuwa kosa la tarehe, hata likiwa kubwa, si lazima liwe kosa la kisanaa wala la kihistoria. Kinachostahili kuhakikiwa kwa makini zaidi ni kosa la mahusiano: nani alimtendea nani nini, kwa nguvu za nani, na nani ameachwa nje ya kisa. Filamu zitakazorejelewa ni tatu: The Molly Maguires (1970) ya Martin Ritt, Far and Away (1992) ya Ron Howard, na Gangs of New York (2002) ya Martin Scorsese.

Suala la kipimo

Mjadala kuhusu sanaa na historia ni wa kale. Aristotle aliwatofautisha mshairi na mwanahistoria kwa msingi kwamba mwanahistoria husimulia yaliyotokea, naye mshairi husimulia yale yanayoweza kutokea. Katika karne ya 20, Georg Lukács, aliyeichunguza riwaya ya kihistoria kwa kina, alishikilia kuwa uaminifu wa msanii kwa historia haupimwi kwa wingi wa vitu vya kale alivyovikusanya, bali kwa jinsi anavyozidhihirisha nguvu za kijamii zilizokuwa zikipambana katika kipindi husika. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanalifahamu suala hili kupitia Kinjeketile (1969), tamthilia ambayo mtunzi wake, Ebrahim Hussein, alitahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu na hapaswi kuchukuliwa kuwa ndiye yule wa historia.

Kutokana na misingi hii, ni vyema kutofautisha aina mbili za ukweli. Ya kwanza ni ukweli wa maleba, yaani mavazi, nyumba, silaha, lafudhi na tarehe. Ya pili ni ukweli wa mahusiano, yaani mgawanyo wa mamlaka, mali na hatia baina ya makundi ya watu. Filamu yaweza kufaulu katika ule wa kwanza na kushindwa katika huu wa pili. Aidha, mafanikio ya kwanza yaweza kuuficha ushindwe wa pili, kwa kuwa mtazamaji akishayaamini matope ya barabarani huwa tayari kuamini kila kinachotendeka juu yake.

Usuli wa filamu hizi unajulikana. Njaa iliyotokana na ugonjwa wa viazi kati ya mwaka 1845 na 1852 iliwaua watu wapatao milioni moja nchini Ayalandi na kuwafanya wengine zaidi ya milioni moja waihame nchi. Waliofika Marekani walikumbana na chuki dhidi ya Ukatoliki, kazi za sulubu na makazi duni. Mateso hayo ni ya kweli. Tatizo huanza pale mateso ya kweli yanapotumiwa kufuta mambo mengine yaliyo ya kweli vilevile.

Gangs of New York: maiti aliyefufuliwa na watoto waliosahauliwa

Kwa upande wa maleba, filamu ya Scorsese ni ya kupigiwa mfano. Mtaa wa Five Points wa New York ulijengwa upya katika studio za Cinecittà mjini Roma, nayo mavazi na lugha ya wahuni wa wakati huo vikafanyiwa utafiti wa kina. Hata hivyo, mhusika wake mkuu wa upande wa uovu, Bill Cutting, ameundwa kutokana na William Poole, bondia na muuza nyama aliyeuawa kwa risasi mnamo Machi 1855. Katika filamu mtu huyu yu hai hadi Julai 1863. Ni kosa la miaka minane, nalo ndilo hutajwa kwanza na kila anayeikosoa kazi hii.

Je, ni kosa zito? La hasha. Msanii amekusanya katika mwili mmoja chuki ya wazawa dhidi ya wahamiaji, chuki ambayo haikufa pamoja na Poole. Kosa zito liko kwingine. Kilele cha filamu ni ghasia zilizozuka New York tarehe 13 hadi 16 Julai 1863 kupinga sheria ya kuwaandikisha watu jeshini kwa lazima. Sheria hiyo ilimruhusu mwenye dola 300 kujikomboa, kiasi kilichokaribia mapato ya mwaka mzima ya kibarua. Hasira ya maskini ilikuwa na msingi. Hata hivyo, hasira hiyo iliwaelekea Wamarekani Weusi. Siku ya kwanza kituo cha watoto yatima weusi kilichokuwa katika barabara ya Fifth Avenue kilichomwa moto, na watoto zaidi ya 200 wakanusurika kwa kutolewa nje kabla hakijateketea. Katika siku zilizofuata watu weusi waliuawa na kutundikwa hadharani. Wengi miongoni mwa waliozifanya ghasia hizo walikuwa wahamiaji wa Kiayalandi.

Filamu haiyanyamazii kabisa mauaji haya. Inayaonyesha kwa mpito. Jambo la kuzingatiwa ni mahali ilipowaweka mashujaa wake. Amsterdam Vallon na wenzake hawamo katika umati unaoua. Wao wamekwenda kumkabili Bill kulipiza kisasi cha baba, na kundi lao lina mwanachama mweusi, Jimmy Spoils, kana kwamba kuwapo kwake ni cheti cha kuwatakasa. Kisha manowari zinaupiga mtaa mizinga, tukio ambalo halikutokea kamwe, na Waayalandi wanaanguka wakiwa wahanga wa dola. Hivyo basi mizinga hiyo ya kubuni ina kazi maalumu: inamgeuza mtenda kuwa mtendwa kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kuuliza swali.

Zaidi ya hayo, mgawanyo wa filamu wa makabila mawili, wazawa huku na Waayalandi kule, unaficha mgongano uliokuwa ndani ya Waayalandi wenyewe. Polisi wengi waliopigana na waandamanaji walikuwa Waayalandi. Kanali Henry O'Brien, mwenye asili hiyohiyo, alipigwa na umati hadi akafa. Mauti yake, na ya watu weusi waliowindwa, yangeipa filamu mgogoro mzito kuliko kisasi cha mtu na mtu.

Far and Away: ardhi isiyo na mwenyewe

Filamu ya Howard inaanzia magharibi mwa Ayalandi mwaka 1892. Joseph Donnelly, mwana wa mkulima mpangaji, anashuhudia nyumba yao ikichomwa na wakala wa mwenye ardhi kwa sababu ya kodi. Baba, akiwa katika kukata roho, anamwachia fundisho kwamba mtu asiye na ardhi si mtu. Joseph anasafiri hadi Boston, anapigana ngumi kwa malipo, na hatimaye anafika Oklahoma kushiriki mbio za kugombea ardhi za mwaka 1893.

Kimaleba mbio hizo zimeigizwa kwa ukubwa unaostahili. Mnamo tarehe 16 Septemba 1893 watu zaidi ya 100,000 walizigombea takriban ekari milioni sita. Filamu inaishia pale shujaa anapokisimika kigingi chake, na fundisho la baba likatimia. Hata hivyo, ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Ilijulikana kwa jina la Wacherokee, na serikali ya Marekani iliwashinikiza wakaiuza. Katika kisa hiki hakuna mhusika Mcherokee mwenye sauti. Filamu iliyoanza kwa kuonyesha uchungu wa kuondolewa katika ardhi inafikia kilele kwa kushangilia matunda ya uondoaji mwingine. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Filamu hii inauhisi mkuki upande mmoja tu.

Kinaya hiki kinazidi kuwa kikali mtu anapokumbuka tukio la mwaka 1847. Wakati njaa ilipokuwa ikiwaangamiza Waayalandi, watu wa taifa la Wachoctaw, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka nchi yao miaka michache tu kabla, walichanga fedha kuwasaidia. Wachoctaw waliishi katika eneo lilelile lililokuja kuwa jimbo la Oklahoma. Historia yenyewe, kwa hiyo, ilikuwa imeandaa uhusiano kati ya aliyenyang'anywa huku na aliyenyang'anywa kule. Mwandishi wa filamu hakuwa na haja ya kuubuni, ilitosha aukumbuke.

The Molly Maguires: usaliti bila msamaha

Filamu ya Ritt ni kongwe kuliko hizo mbili, na ndiyo inayofaa kuwekwa mwisho kwa sababu inaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Inawahusu wachimba makaa ya mawe wa Pennsylvania katika miaka ya 1870 na James McParlan, mpelelezi wa shirika la Pinkerton, Mwayalandi aliyejipenyeza miongoni mwa Waayalandi wenzake. Kutokana na kesi zilizofuata, watu 20 walinyongwa kati ya mwaka 1877 na 1879. Jack Kehoe, aliyenyongwa Desemba 1878, alisamehewa na gavana wa jimbo hilo mwaka 1979, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake.

Filamu hii nayo ina kasoro. Kubwa zaidi ni kutompa nafasi Franklin Gowen, rais wa kampuni ya reli na makaa iliyomkodi mpelelezi, ambaye baadaye alisimama mwenyewe mahakamani akiwa mwendesha mashtaka. Mtu mmoja kuwa tajiri, mlalamishi na kiongozi wa mashtaka ni jambo ambalo lingewaeleza watazamaji mengi kuhusu mamlaka. Kwa kuliacha, filamu imeupunguza mgogoro wa kitabaka ukawa uhasama baina ya wachimbaji na polisi.

Pamoja na hayo, Ritt hawatakasi wahusika wake. Kehoe anadhulumiwa, naye anaua. McParlan ni maskini anayetaka kuuacha umaskini, naye anawauza waliomkaribisha. Katika onyesho la gerezani mpelelezi anamwendea mhukumiwa kana kwamba anatafuta kuadhibiwa ili apate nafuu, na hapewi msamaha. Uzito huu haukutoka hewani: Ritt na mwandishi wa filamu, Walter Bernstein, wote walinyimwa kazi katika miaka ya 1950 kwa kushukiwa kuwa wakomunisti, wakati ambapo wasanii walitakiwa kutaja majina ya wenzao. Wachimbaji wenyewe hawakuacha maandishi ya kujieleza, na karibu yote yanayojulikana kuwahusu yaliandikwa na maadui zao. Mbele ya ukimya huo, filamu imechagua kutompa mtazamaji shujaa safi, na uamuzi huo ni wa kihistoria kuliko vazi lolote.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kuwa makosa ya filamu hizi hayakutawanyika ovyo. Katika Gangs of New York na Far and Away yanakusanyika mahali pamoja, yaani pale ambapo mhamiaji aliyeonewa anakaribia kumwonea mwingine. Hapo ndipo mizinga hulia, na hapo ndipo wenye ardhi hukosa sauti. Mpangilio wa namna hii hauwezi kuelezwa kuwa ni uzembe wa watafiti wa mavazi. Ni matokeo ya haja ya kuwa na babu asiye na doa.

Yamkini itadaiwa kuwa filamu ni burudani na haina deni kwa historia. Dai hilo lina uzito pale linapotetea kufupisha muda au kuunganisha watu wawili wakawa mmoja. Halina uzito linapotumiwa kutetea ufutaji wa waliouawa na walionyang'anywa, kwa kuwa hao nao walikuwa sehemu ya kisa chenyewe. Mhakiki wa filamu ya kihistoria hana budi kuiweka kando orodha ya tarehe kwa muda, na kuuliza ni nani aliyekuwapo siku hiyo lakini hayupo kwenye skrini. Mateso ya Waayalandi hayapungui kwa kukumbukwa pamoja na ya wengine. Mwanamume mweusi wa New York, Mcherokee wa Oklahoma na mchimba makaa wa Pennsylvania wanastahili kuonekana katika historia moja, kwa kuwa waliishi ndani yake.