Wakalimani wa Rabai

Karibu na bahari pale Malindi lipo kanisa dogo linalohesabiwa kuwa la Wareno: paa la makuti, kuta nyeupe, makaburi machache uani. Mwaka 1542 Francis Xavier alishuka mjini humo akiwa safarini kwenda Goa, akamzika msafiri mwenzake aliyefia njiani. Katika barua aliyoandika baadaye anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima zake alimlalamikia: mji una misikiti 17 na inayopata watu ni mitatu tu, je, na kwenu Wakristo hali ni hii hii? Mazungumzo ya jirani kwa jirani. Kisha Xavier akapanda chombo akaenda zake, na Wareno kwa miaka yote waliyokaa pwani hawakuacha Malindi usharika wa wenyeji uliodumu.

Nenda Rabai, kaunti ile ile ya Kilifi, na mambo ni mengine. Kanisa linasali mpaka leo, nyumba za wamisionari zipo, na jumba la makumbusho limepewa jina la Krapf. Vitabu vya shule vinaeleza tofauti hiyo kwa jina hilo moja. Nadhani vimemtaja mtu siye.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS, alifika Zanzibar Januari 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi. Sultani Sayyid Said akampa barua, naye akahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni mwaka huo huo aliketi kuanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga wa kike.

Hapo kwa kadhi ndipo ufundi ulipo. Mtu anayehukumu kwa sheria ya Kiislamu anamsaidia mchungaji kuieleza habari ya Adamu, na habari yenyewe si ngeni kwake. Malaika, nabii, dhambi, toba, sala: maneno yote yalikuwa tayari yamelainishwa na karne za Uislamu. Krapf hakulazimika kuunda msamiati wa dini, aliukuta umeiva. Alichobadilisha ni mwandiko. Waswahili waliandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu, yeye akachukua za Kirumi. Sura za mwanzo za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, na mpaka leo tunaandika kwa herufi alizozichagua.

Lakini kutafsiri si kupanda kanisa. Barua ya Sultani ilifungua milango ya Mombasa. Kaya, makao ya jadi ya Warabai, ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipotaka kuhamia Rabai Mpya iliwabidi wakae mbele ya kambi, yaani baraza la wazee, wajieleze wao ni nani na wanataka nini. Wazee wakakubali. Kumkubali mgeni na kuikubali dini yake, hata hivyo, ni mambo mawili. Watu walikuja ibadani mara ya kwanza kwa udadisi, na zilizofuata wakaanza kupungua. Wengine waliuliza bila kificho wanakuja kupata nini. Swali la haki kabisa, kwa maoni yangu: mgeni anakuitia karamu halafu hakuna chakula!

Krapf alitafsiri Injili ya Luka kwa Kinyika, lugha ya Wanyika, jina walilopachikwa Wamijikenda, Warabai wakiwamo, na ambalo wenyewe walichoka nalo kwa sababu linawataja kama watu wa porini. Kitabu kilichapwa Bombay mwaka 1848. Mwaka 1851 waliweza kumhesabu Mringe, mtu kiwete, kuwa muumini wa kwanza. Mwaka 1853 Krapf akaondoka. Rebmann, aliyekuwa ameshauona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 na kudhihakiwa na wataalamu wa London waliokataa kwamba theluji inaweza kukaa pale, alibaki Rabai hadi 1875, macho yakiwa yamemwishia. Waumini wake miaka yote hiyo walihesabika kwa vidole.

Alifanya nini basi? Aliandika maneno. Na katika kazi hiyo kuna jambo moja ambalo ningelitundika ukutani Rabai kabla ya picha ya mzungu yeyote. Rebmann alikaa na mtu aitwaye Salimini, aliyeletwa pwani utumwani kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, akimwuliza neno baada ya neno la lugha ya kwao. Mgeni kutoka Ujerumani, kwenye kilima cha Warabai, anaandika Kinyasa kutoka kinywani mwa mtu aliyeuzwa. Kamusi hiyo ilitoka mwaka 1877, Rebmann akiwa ameshafariki. Wakati ule ungeweza kusema mzee kapotea njia: kazi yake iko Rabai, Kinyasa cha nini? Miaka michache baadaye watu wa kwao Salimini walikuwa wamejaa kanisani.

Walifikaje? Mwaka 1864 walikuja Rabai kutoka India William Jones na Ishmael Semler. Walikuwa Waafrika walionaswa utotoni na wafanyabiashara wa watumwa, wakaokolewa na kusomeshwa huko Nasik. Watu waliwaita Wabombay. Mwaka 1875 CMS ikaanzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwapokea waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hao waliitwa mateka. Rabai ikapata wengine zaidi, watoro, waliokimbia mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi. Malindi iliyokuwa ikisafirisha nafaka kwa jasho la watumwa ndiyo iliyokuwa ikiijaza Rabai bila kukusudia.

Mkuu wao alikuwa Jones. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa yeye na Semler ushemasi, kisha akamchukua Jones katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga Oktoba mwaka huo. Aliyeurudisha msafara pwani ni Jones, akaingia Rabai Februari 1886, bendera ya buluu mbele na juu yake neno Ikabodi, utukufu umeondoka. Huyu ndiye aliyekuwa akiamua nani apewe kiwanja na nani afichwe. Wenye watumwa walipozidi kudai mali yao, kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa ililazimika kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 vikaanza kutolewa vyeti vya uhuru. Watoro waliofidiwa katika vituo vya misheni walizidi 1,400.

Kanisa likajaa, ila halikujaa watu aliowakusudia Krapf. Hawa walitoka kwa Wayao, kwa Wanyasa, kwa makabila kadha wa kadha, na kilichowaunganisha ni Kiswahili. Luka wa Kinyika akabaki kusubiri. Warabai wakawaita wageni hao Wamisheni, na kwa muda mrefu dini ikaonekana kuwa mali ya watu wa misheni, si ya watu wa kaya.

Kwa Wagiriama, Wamijikenda wenzao, njia ilikuwa nyingine tena. Fuladoyo, kijiji cha Wakristo na watoro, hakikuanzishwa na mzungu. Kilianzishwa na Wagiriama wenyewe, Abe Ngowa akiwa mbele, na watoro wakakimbilia huko kwa sababu mlango ulikuwa wazi. David Koi aliyekiongoza baadaye aliuawa mwaka 1883 katika ugomvi huo huo wa watumwa. Kadhi, Salimini, Jones, Abe Ngowa: kila hatua iliyosogea, aliyeisogeza ni mtu anayesimama baina ya lugha mbili. Mmisionari alikuwa na kalamu na bajeti.

Leo wanaokuja Kilifi kupanda makanisa wengi ni watu wa bara, wenye spika na jenereta. Nao hukuta maswali mazito zaidi tangu Aprili 2023, ilipojulikana habari ya msitu wa Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa. Serikali iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuangalia namna ya kusimamia mashirika ya dini. Maswali ya vijijini ni mafupi kuliko ya jopo: umetumwa na nani, utalala wapi, nani anakujua? Kambi ya Rabai ingeyatambua.

Mwaka jana nilisimama nyuma ya umati katika mkutano wa injili, barabara ya kwenda Ganze. Mhubiri alitoka nyanda za juu, Kiswahili chake kizuri, na kando yake kijana wa hapo hapo akikalimani kwa Kigiriama. Mhubiri akitaja Mungu, kijana anasema Mulungu. Mhubiri akatoa mzaha wa wezi wa majani chai kwenye baridi. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasimulia juu ya watoto walioiba madafu wakashindwa kushuka mnazini. Watu wakaangua kicheko, mhubiri akafurahi kwamba mzaha wake umeingia.

Ilipofika saa moja jenereta ilizimwa na gari la mgeni likaelekea Malindi. Watu hawakutawanyika, walimzunguka kijana. Bibi mmoja alikuwa amemshika mkono hamwachii, anataka kujua kama ubatizo utamzuia kwenda kwenye matanga ya kakake siku ya Alhamisi. Kijana alichuchumaa mbele yake, akaanza kumjibu polepole kwa Kigiriama.