Psycho Haikuhitaji Daktari

Ukiondoa dakika chache karibu na mwisho, Psycho ya mwaka 1960 haina kasoro ya kugombania. Alfred Hitchcock alimuua stelingi wake kabla filamu haijafika nusu, akiwa na kikosi kilichozoea kazi za televisheni na bajeti ya takriban dola 800,000. Uhariri wa George Tomasini kwenye tukio la bafuni na vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann vimeshasifiwa vya kutosha.

Tatizo ni yule daktari wa akili.

Tazama filamu ilipofikia kabla hajafungua mdomo. Lila, dada wa stelingi aliyeuawa, ameshuka chini ya nyumba, amemgusa bega bibi aliyekaa kitini, kiti kimezunguka na uso mkavu umemgeukia. Mkono wake unagonga balbu, taa inayumba, vivuli vinaingia na kutoka kwenye matundu ya macho ya maiti. Norman, mwenye moteli, anatokea na gauni na kisu. Sam, mpenzi wa stelingi yule, anamkaba, wigi linadondoka. Na sherifu Chambers alishasema, usiku ule nyumbani kwake, kwamba mama mtu alikufa kwa sumu miaka kumi nyuma pamoja na mpenzi wake. Mtazamaji ameshaelewa.

Ndipo Simon Oakland, anayeigiza daktari, anaposimama ofisini mwa polisi na kuanza kusomesha. Norman alimuua mama yake kwa wivu. Akaiba maiti, akaihifadhi. Akawa anajibizana nayo kwa sauti mbili, na wivu wake mwenyewe akambebesha marehemu. Anaulizwa habari za zile dola 40,000 alizoiba stelingi. Jibu lake ni kwamba ziko kinamasini. Kana kwamba kuna asiyejua! Norman alizitupa kwenye buti mbele ya macho yetu, zikiwa zimeviringishwa ndani ya gazeti, na gari likazama taratibu huku naye akitafuna.

Hata upigaji picha wenyewe umechoka. Daktari amesimama, wengine wametulia kama wanafunzi, kamera inamwonyesha yeye, inawaonyesha wasikilizaji, inarudi kwake. Hitchcock huyuhuyu alimlalamikia François Truffaut kwamba filamu nyingi ni picha tu za watu wanaozungumza. Hapa alipiga picha hizohizo, tena pale ambapo hazikuwa na kazi.

Watetezi husema mtazamaji wa 1960 alihitaji kupumua baada ya kishindo cha kule chini. Apumue, sawa. Lakini pumziko lipo tayari: askari anayempelekea Norman blanketi na sauti ya kike inayoshukuru kutoka mahabusu. Sekunde chache, na habari yote imo.

Wakongwe walilijua hili. Katika M ya mwaka 1931, Fritz Lang alimweka Peter Lorre mbele ya mahakama ya wahalifu na kumwacha muuaji ajieleze, jasho na macho vikisema zaidi ya ulimi. Hitchcock mwenyewe, katika Shadow of a Doubt ya 1943, alimkaribia Joseph Cotten mezani akiwasema vibaya wajane, mpaka jamaa akageuka na kuitazama kamera. Ugonjwa wote wa mtu yule umo katika mgeuko huo wa shingo.

Hitchcock aliharibiwa na filamu yake Spellbound ya 1945. Mtayarishaji David O. Selznick alimleta daktari wake mwenyewe wa saikolojia kuwa mshauri, na naona tangu hapo Hitchcock akaiamini mno kauli ya mtaalamu. Tamthilia za upelelezi za leo, na ukuta wao wa picha na nyuzi nyekundu, zimerithi udhaifu huo. Lakini tamthilia ya The Sopranos ilikuwa na Dk. Melfi, daktari wa akili wa Tony, tangu 1999 hadi 2007, na mtunzi wake David Chase hakumruhusu hata siku moja ammalize Tony kwa hotuba.

Mhakiki Roger Ebert alipendekeza maelezo hayo yapunguzwe hadi sehemu ya mwanzo tu, kisha iingie sauti ya mama. Hata hiyo ni nyingi mno, blanketi linatosha. Gus Van Sant alipoirudia filamu hiyo mwaka 1998, karibu shoti kwa shoti, alikuwa na nafasi ya kukata. Akamkodi Robert Forster acheze daktari.