Kimelea Kinapogonga Mwamba: Kutoka Kibwezi hadi Kilifi

Mwaka 1891 wamisionari kutoka Uskoti walipiga kambi Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni ya leo. Walijenga, wakalima, wakafundisha. Mwaka 1898 walifungasha virago wakahamia Kikuyu, na kilichowatoa hasa ni homa. Msafiri wa barabara ya Mombasa anayeuona ukame wa Makindu na Mtito Andei huenda asiamini, lakini Kibwezi ina chemchemi, na mbu wa malaria hahitaji ziwa ili kuzaliana.

Vita walivyoshindwa wamisionari hao vilipiganwa ndani ya damu, kwenye chembe moja moja. Baada ya mbu kuuma, vimelea hujificha kwenye ini kwa takribani wiki moja, vikizaliana bila mtu kuhisi lolote. Vinapotoka huwa maelfu. Kila kimoja, kwa umbo linaloitwa merozoiti, kina dakika chache tu za kupata chembe nyekundu ya kuingia, kikikosa, kimekwisha. Kikigusa chembe huanza kuuvuta na kuukunja utando wake, kisha hujigeuza mpaka ncha yake iuelekee, hujifunga imara na kujisukuma ndani. Kazi yote hiyo huchukua kama dakika moja. Baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kutoa merozoiti mpya zaidi ya kumi, na mgonjwa hutetemeka upya.

Kwa miaka mingi watafiti walisoma hatua hii wakiangalia protini: ipi ya kimelea hushikana na ipi ya chembe. Njia hiyo ilizaa matunda. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza, walionyesha kwamba protini ya kimelea iitwayo RH5 ni lazima ishikane na basijini iliyo juu ya chembe, la sivyo Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, haiingii. Kwa hiyo ilipobainika kwamba watoto wengine wa Kilifi wana kundi la damu liitwalo Dantu, na kwamba mwenye nakala mbili za jeni yake amekingwa dhidi ya malaria kali kwa asilimia 74, dhana ya kwanza ilijileta yenyewe. Dantu hutokana na jeni mbili za glaikoforini zilizoungana, na glaikoforini ni mojawapo ya protini ambazo kimelea hushika. Bila shaka, ilidhaniwa, kimelea kinakosa pa kushika.

Silvia Kariuki na wenzake wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Kilifi, Sanger na Chuo Kikuu cha Cambridge waliamua kuipima dhana hiyo badala ya kuikubali. Walichukua damu ya watoto 42 wazima wa Kilifi, wengine wakiwa hawana Dantu, wengine nakala moja, wengine mbili. Wakailetea vimelea vya aina mbalimbali, vinavyotegemea protini tofauti kuingia. Kama tatizo lingekuwa protini moja iliyokosekana, aina fulani za vimelea zingezuiwa na nyingine zingepita. Haikuwa hivyo. Uingiaji wa vyote ulipungua, na kupungua huko hakukulingana na protini yoyote mahususi.

Hapo ndipo kazi yao inaponivutia zaidi. Walirudi kwenye darubini, wakarekodi video ya merozoiti zikikutana na chembe, moja baada ya nyingine. Katika picha hizo hizo walipima jambo ambalo halionekani kwa macho ya haraka: mtikisiko mdogo wa ukingo wa chembe. Utando uliolegea hutikisika sana, uliokazwa hutikisika kidogo, kwa hiyo mtikisiko unaweza kugeuzwa kuwa kipimo cha mkazo. Matokeo yalikuwa wazi. Kuna kiwango cha mkazo ambacho kikivukwa, kimelea huingia kwa nadra sana, hata kwenye chembe isiyo na Dantu. Chembe ya Dantu imekazwa kama ngozi ya ngoma kuliko wastani. Kimelea huigusa, huisukuma, kisha hugonga mwamba.

Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mwaka 2020. Maana yake, ninavyoisoma mimi, ni kwamba kinga hapa si mlango uliofungwa bali ni uwezekano uliopunguzwa. Hata katika damu ya mtu mmoja zipo chembe zilizolegea na zilizokazwa. Dantu huongeza tu idadi ya hizo za pili. Ndiyo maana mwenye nakala mbili bado anaweza kuugua, ila ni nadra ugonjwa wake kufikia ukali wa kuua.

Selimundu, kinga mashuhuri zaidi, hufanya kazi kwa namna nyingine: kimelea huingia lakini hukua kwa shida. Kwamba inakinga, Anthony Allison alilionyesha Nairobi. Katika makala yake ya 1954 aliwaambukiza kwa makusudi wanaume 30 Waluo. Kati ya 15 wasio na jeni ya selimundu, 14 walipata vimelea, na kati ya 15 waliokuwa nayo, ni 2 tu. (Kamati ya maadili ya leo isingempa ruhusa kirahisi.) Allison alikuwa ameona pia kwamba jeni hiyo imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini katika nyanda za juu za katikati haifiki asilimia 1. Malaria huacha alama kwenye jeni pale tu inapoua kizazi baada ya kizazi.

Kitui na Makueni ziko katikati ya hali hizo mbili. Malaria huko huja na mvua na kupungua na kiangazi, na hilo huathiri kinga ya pili, ile ambayo mtu hajazaliwa nayo. Kimelea kilichokwisha kuingia hupeleka juu ya chembe protini ya kuing'ang'aniza kwenye kuta za mishipa midogo, na kina jeni 60 hivi za kubadilisha sura ya protini hiyo. Mtoto wa Kilifi hukutana na sura nyingi mapema, na kingamwili zake hujifunza. Anayekulia Mutomo, Kitui, hukutana nazo chache. Misafara ya pembe za ndovu ya wafanyabiashara kama Kivoi, iliyotoka Kitui kwenda Rabai katika karne ya 19, ilishuka pwani ikiwa na upungufu huohuo, na kijana anayekwenda Mombasa leo kutafuta kibarua yuko vivyo hivyo.

Kwa hiyo Makueni kimelea kilizuiwa mapema zaidi kwa neti, kabla hakijafika hata kwenye ini. Makueni, iliyokuwa wilaya wakati huo, pamoja na Kwale, Bondo na Kisii, ilifuatiliwa na watafiti wakati neti zenye dawa zilipokuwa zikisambazwa. Kati ya 2004 na 2006 watoto waliolala ndani ya neti hizo katika wilaya hizo nne waliongezeka kutoka asilimia 7 hadi 67, na vifo vya waliozitumia vikawa pungufu kwa asilimia 44.