Moto Usiofika Kwenye Makaa: Jinsi Ubao wa Gitaa Unavyookwa

Mtu akizisoma daftari za hali ya hewa za kituo cha Luano, penye kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, ataona kwamba mvua ya mwaka, ambayo ni kadiri ya milimita 1,200, hunyesha karibu yote baina ya Novemba na Machi, na kwamba tangu Mei hata Septemba mbingu hufunga, hewa ikakauka, na nchi hii iliyoinuka mita 1,300 hivi juu ya bahari ikawa na jua kali mchana na baridi usiku. Tabia hiyo ya nchi haimdhuru mkulima aliyeizoea. Bali kwa gitaa la mbao ni mtihani mzito, kwa kuwa ubao, ujapokuwa umekwisha kurandwa na kupakwa vanishi, haukomi kunywa unyevu wa hewa wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi.

Na tufanye hesabu. Uso wa gitaa kubwa una upana wa sentimita 40 hivi, na unene wake aghalabu haufiki milimita 3. Ukiwa ni wa mti wa sprusi uliopasuliwa kutoka kiini kuelekea ganda, kila asilimia moja ya unyevu inayotoka hupunguza upana kwa kadiri ya sehemu moja na nusu katika elfu. Basi unyevu ukishuka kwa asilimia 6, ubao hutaka kusinyaa kwa milimita tatu na nusu. Wala hauna ruhusa hiyo, maana umegundishwa pande zote, na mataruma yaliyobandikwa ndani yake yamekingama kinyume cha nyuzi za mti. Kitu kilichokatazwa kusogea hakina budi kupasuka.

Dawa ya kwanza iliyoenea upande huu wa Afrika ilikuwa ni ubao wa tabaka. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo kwa nembo ya Gallotone ilitoa santuri za mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco baada ya mtafiti wa muziki Hugh Tracey kumrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, iliuza pia kwa nembo hiyo hiyo magitaa ya bei nafuu, na ndani ya baadhi yake ilibandikwa karatasi ya kumdhaminia mnunuzi kwamba chombo hakitapasuka. Ahadi hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa tabaka zilizopishana hushikana na kuzuiana. Lakini gharama yake ilikuwa ni sauti, kwani ubao wa namna hiyo, pamoja na gundi iliyo baina ya tabaka zake, hautetemeki kwa wepesi kama ubao mmoja mzima.

Dawa ya pili ni moto. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Ufini waliipanga kanuni ya kuoka mbao za ujenzi pasipo kemikali yoyote, na katika daraja zake mbili zilizo mashuhuri joto hufika digrii 190 kwa moja na digrii 212 kwa nyingine. Baadaye watengenezaji wa magitaa, miongoni mwao Yamaha na Martin, wakaipokea hikima hiyo, kila mmoja akaipa jina lake na kuficha vipimo vyake. Lakini asili ya kazi ni moja, nayo ina hatua tatu. Kwanza ubao hupashwa polepole hata kupita digrii 100, unyevu wake ukatoka karibu wote, maana ukiharakishwa hupasuka mle mle tanurini. Kisha joto huongezwa hata kikomo kilichokusudiwa, likashikwa hapo kwa saa chache, ilhali mvuke umeifukuza oksijeni ili ubao usishike moto. Mwisho hupozwa, na kurudishiwa unyevu kidogo kwa kiasi, kwani ubao uliokauka kabisa hauvumilii randa.

Na ndani ya ubao hutokea nini? Mti umejengwa kwa vitu vitatu vikubwa: selulosi, ambayo ndiyo nguvu yake, lignini, ambayo ndiyo saruji yake, na hemiselulosi, ambayo ni dhaifu kuliko zote mbili na yenye kupenda maji kuliko zote mbili. Joto huanza na huyo aliye dhaifu: humvunja, likatoa asidi ya siki, na ndiyo maana tanuri hunuka ukali, na zinapopungua sehemu za kushika maji, unyevu ambao ubao huweza kuuchukua hewani hupungua pia, pengine hata ukakaribia nusu. Zile milimita tatu na nusu zikawa mbili au pungufu.

Faida ya sauti hufuata. Ubao hupungua uzani ilhali ugumu wake wa kukataa kupinda haubadiliki sana, na mtetemo haupotei upesi ndani yake. Wauzaji husema kwamba gitaa limezeeshwa kwa siku moja, nao wana sehemu ya haki, kwa kuwa hemiselulosi huharibika polepole katika vyombo vya zamani vile vile. Lakini muda ni mpole, na tanuri si mpole: kadiri joto linavyozidi, ubao huwa mkavu wa tabia, hukatika kwa ghafula, hubanduka vipande mbele ya patasi, na gundi ya maji huchelewa kuuingia.

Sasa mtu wa Lubumbashi hahitaji kuhadithiwa habari ya kuni zilizofungiwa hewa, kwa maana majiko ya mji wake hupikia makaa yanayotoka katika miombo iliyouzunguka, na mchoma makaa anayefukia magogo kwa udongo hufuata kanuni ile ile ya tanuri la Ufini, ila yeye huuacha moto upite digrii 400 hata mti usibaki mti. Tofauti iko katika mahali pa kusimama. Ubao wa gitaa hutaka moto ukomee nusu ya njia, tena kwa usawa, upande huu na upande ule. Na jambo hilo halipatikani chini ya kichuguu cha udongo, bali katika tanuri dogo lenye mvuke na vipimajoto, na umeme usiokatika katikati ya kazi.

Wala si kila kiungo cha gitaa kistahilicho kuokwa. Mninga, ambao Katanga huitwa mulombwa, ni katika miti ya Afrika inayosogea kidogo mno kwa majira; kuuoka kwa ajili ya mgongo au shingo ni kutafuta faida ambayo mti umekwisha kuileta wenyewe, na kwa mbavu ni hasara tupu, kwani ubao uliookwa huwa mgumu kupindwa. Moto una haki yake katika uso na mataruma, basi.

Na fundi asiye na tanuri asijione kuwa hana hila. Akizipanga mbao zake zikauke taratibu kivulini, kisha akaugundisha uso mwezi wa Agosti au Septemba, wakati ambapo hewa imefika ukomo wa ukavu wake, chombo kitakuwa kimezaliwa katika upungufu wake wa mwisho. Mvua ikija, uso utavimba na kuinuka kidogo, jambo ambalo gitaa hulistahimili, badala ya kusinyaa na kupasuka, jambo ambalo halilistahimili. Kiangazi cha Katanga humpa bure sehemu ya kile ambacho wengine hukinunua kwa tanuri, mradi aijue kalenda yake na asikubali kuharakishwa na mteja.