Kitufe Kidogo cha Pangaboi

Kwenye mapangaboi mengi ya zamani ya Kimarekani, pembeni mwa mota, kuna kitufe cha kusukumwa juu na chini. Kikiwa upande mmoja, mapanga yanazunguka kinyume cha mishale ya saa ukiyatazama ukiwa chini, na upepo unakushukia kichwani. Ukikihamisha, yanazunguka upande wa pili: hewa inavutwa juu, inatambaa darini na kuteremka ukutani. Mtu wa Tanga au Mombasa hana haja na upande huo wa pili. Lakini St. Louis, Marekani, mwezi Januari joto lote la nyumba limepanda darini huku miguu ya watu ikiganda, na kitufe hiki hulirudisha chini bila kumpuliza mtu upepo wa baridi. Ndiyo maana Wamarekani waliyakumbuka tena mapangaboi miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei.

Nakipenda kitufe hiki kwa jinsi kinavyofanya kidogo na kupata kingi. Hakina gia, hakiongezi nguvu yoyote. Kinageuza miisho miwili ya koili moja, basi.

Ukitaka kuuona ustadi uliomo, anza na feni iliyokufa kapasita, maradhi yanayojulikana vizuri pwani yetu. Unawasha, mota inanguruma, mapanga hayaendi. Mtu anachukua mpini wa ufagio na kuyasukuma, nayo yanashika mwendo. Zima, subiri yasimame, kisha yasukume kinyume: yatashika mwendo vilevile, na upepo wote utakwenda darini. Mota ni ileile na nyaya ni zilezile. Bila kapasita haina mbele wala nyuma. Inafuata mkono ulioisukuma.

Umeme wa majumbani huenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde kwetu, mara 60 Marekani. Ukiupitisha kwenye koili moja, sumaku yake inapata nguvu, inafifia, inageuza ncha, lakini haitoki kwenye mstari wake. Ni kama kukanyaga pedali ya baiskeli iliyosimama wima juu kabisa: mguu unasukuma kwa nguvu zote, na mnyororo haujui uende mbele au urudi nyuma. Unahitajika msukumo wa pili, uliopishana na wa kwanza kwa robo mzunguko. Galileo Ferraris wa Turin na Nikola Tesla, kila mmoja kwa njia yake, walilibaini jambo hili miaka ya 1880: mikondo miwili inayopishana kwa wakati, kwenye koili zilizopishana kwa nafasi, huzaa sumaku inayozunguka hata kama hakuna chuma kinachotembea. Kwangu mimi hakuna wazo zuri zaidi katika ufundi wote wa umeme.

Pangaboi limelitumia wazo hilo kwa unyenyekevu. Koili zimetulia katikati, zimeshikwa na bomba linaloning'inia kutoka darini. Ganda la nje ndilo linalozunguka na mapanga. Koili ya kuendeshea inapata umeme moja kwa moja. Ya kuanzishia inaupata kupitia kapasita, ambayo inauwahisha mkondo wake ukatangulia ule mwingine kwa karibu robo ya mzunguko. Sumaku inatembea kutoka koili inayotangulia kwenda inayofuata, na ganda linaburutwa nyuma yake. Mota ya ncha 14 kwenye umeme wetu, sumaku yake inazunguka kama mara 428 kwa dakika. Mapanga yanaifukuza bila kuifikia kamwe.

Sasa geuza miisho ya koili ya kuanzishia. Aliyekuwa anatangulia anakuwa anayefuata, na sumaku inarudi ilikotoka. Ukigeuza miisho ya koili zote mbili kwa pamoja, hakuna kinachobadilika. Ukigeuza nyaya za ukutani, pia hakuna. Ni lazima moja igeuke na nyingine ibaki.

Kampuni ya Hunter ilikuwa na njia tofauti kwenye feni yake ya Adaptair: mota iliendelea upande wake uleule, ila mwinamo wa mapanga ndio uliorekebishwa. Ni kazi safi ya makanika, naiheshimu, lakini moyo wangu uko kwenye koili.

Na koili ni kazi ya mikono. Mtazame fundi anayewaindi feni. Anaweka karatasi ya kuzuia umeme kwenye kila mfereji wa chuma, kisha anazungusha waya mwembamba wa shaba huku akihesabu kimoyomoyo, ukisemeshwa hujibiwi. Koili moja inakwenda kulia, jirani yake kushoto, hadi duara lifunge; moja ikikosea upande, mota nzima inanguruma na kuchemka. Anafunga kwa uzi, anamimina vanishi, anaacha ikauke. Mwisho zinabaki nyaya tatu tu. Anaunganisha kapasita, anawasha mota ikiwa mezani, bila mapanga. Ganda likienda kinyume, hafumui hata mzunguko mmoja: ameiweka kapasita kwenye koili ya kuendeshea. Anahamisha waya wa umeme kutoka mguu mmoja wa kapasita kwenda mguu wa pili, anawasha tena, anaanza kukaza skrubu.